Viazi vya Mama Kanga

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama wakiwa na majiko na shule zao kama sisi, Digidigi alikuwa akisomea ualimu. Kadogo hako! Akisimama mbele ya ubao, wa nyuma waliona masikio tu. Lakini hesabu za mafumbo alizipenda kupita kiasi, kwa kuwa marehemu bibi yake alimfundisha jikoni, kwa viazi.

"Mjukuu wangu," bibi alikuwa akisema huku anamenya, "usikimbilie jibu. Jiulize kwanza: nimepewa nini, natafuta nini?"

Jamani, Digidigi alimkumbuka bibi yule! Akinusa tu moshi wa kuni, moyo ulimuuma.

Darasani kwake alikuwamo Fisi, naye akitaka ualimu. Bwana huyu alikula huku anahesabu, nyam! moja, nyam! mbili, ili baadaye ajisifu. Na swali likiulizwa, lazima ajibu wa kwanza.

Siku ya mtihani wa kufundisha, Mama Kanga aliacha jikoni kapu la viazi vya kuchemsha, chakula cha watoto wa shule. Zamu ya kulinda jiko ilikuwa ya Digidigi. Alikwenda kisimani mara moja tu, kurudi, ala! Vimebaki vitano.

Mwalimu Tembo akaja juu. Akapiga mguu chini, puu!

"Zamu yako, wizi wako! Somo lako likiisha na mwizi hajajulikana, ualimu usahau. Utarudi kwenu!"

Machozi yakamlengalenga Digidigi. Arudi kwao akamwambie nani, na bibi hayupo? Akawaza vile viazi vya utotoni, akapangusa macho, akashika chaki.

"Wenzangu, fumbo hili hapa. Mama Kanga alileta kapu la viazi. Mwizi akala, vikabaki vitano. Je, mwizi alikula vingapi?"

Nyani akajikuna kichwa. Nyati akatazama dari.

"Mimi! Mimi, mwalimu!" Fisi akaruka, benchi likaanguka, paa! "Kumi na saba!"

"Una hakika, kaka Fisi?"

"Ebo! Kwangu hesabu ni kama kunywa maji. Kumi na saba, hakizidi wala hakipungui!"

Digidigi akageukia mlangoni, aliposimama Mama Kanga na kapu lake lenye vile vitano.

"Mama, ulileta viazi vingapi?"

"Ishirini na viwili, mwanangu. Wala sijamwambia mtu."

"Toa vitano..." Tembo akahesabu taratibu. "Kumi na saba!"

"Hongera, kaka, umepata," akasema Digidigi. "Ila fumbo langu lilikuwa na pengo. Sikutaja kapu lilikuwa na viazi vingapi, maana hata mimi sikujua. Wewe umejuaje?"

Fisi akalitazama dirisha. Halafu mbio, puru puru puru, akatokea dirishani na fremu shingoni!

Tembo aliomba radhi mbele ya wote, akamkabidhi Digidigi darasa. Watoto walikuwa kumi, viazi ni vitano, basi mwalimu mpya akavikata nusu nusu kwa kisu, kama bibi alivyokuwa akimkatia yeye. Akalia kidogo, akacheka, akaanza kufundisha.

Nanyi wanangu, sikilizeni swali lote kabla hamjafungua mdomo.