Kwikwi za Mlima Kirenga

Mwaka ule mvua iliupita Mlima Kirenga bila hata kusalimu. Nyasi zilikauka, mito ikabaki mchanga, na Pundamilia akakonda mpaka mistari yake ikaanza kugusana.

Kitu kimoja tu kilistawi: vichaka vya kotonista. Havikuwa vya pale. Mgeni mmoja alivileta kutoka ng'ambo akavipanda viwe ua wa bustani yake, kisha akahama. Ndege wakala matunda na kuangusha mbegu mlima mzima. Sasa vilikuwa kila mahali, matawi yameinama kwa matunda mekundu, madogo kama shanga.

Shida ni kwamba vilikuwa vya aina mbili, na kwa kuvitazama vilifanana kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Aina moja ilishibisha. Nyingine ilimpa mlaji kwikwi ya kutwa nzima. Na kwikwi wakati wa ukame si mchezo. Lilikuwa limebaki dimbwi moja la maji, na kila mwenye kwikwi alipoinama kunywa, maji yalimtokea puani. Swala, aliyekuwa na mtoto mchanga, alirudi na kiu kila alipokwenda dimbwini, na maziwa yake yakaanza kukauka.

Sungura aliizunguka mimea ile, akainusa, akaipapasa, mwisho akalipindua jani. Siri ilikuwa chini yake. Jani la kichaka kizuri lilikuwa na manyoya meupe laini upande wa chini, kama sikio la ndama. La kichaka kibaya lilikuwa upara mtupu, juu na chini.

Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa Simba, mfalme wa mlima, akajitangaza kuwa bingwa wa mimea ya kigeni. Alieleza kuwa mmea wa ng'ambo husema ukisikilizwa na mwenye elimu, hivyo wanyama wamletee matawi yote, naye atawachagulia.

Basi wakapanga foleni. Sungura alilitega sikio kwenye kila tawi, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa salamu za nyumbani. Matawi mazuri aliyaita sumu na kuyaingiza pangoni mwake, eti akayazike. Mabaya aliwarudishia wenyewe na kuwatakia mlo mwema.

Kabla jua halijapinda, mlima mzima ulikuwa unaruka kwa kwikwi. Simba alipopanda jabali lake kunguruma, ilitoka "Ngrrr-kwi", na Pimbi alicheka hadi akaanguka kutoka mwambani. Simba alishuka amefura, akamtaka Sungura ajieleze.

"Mzee, matunda ni safi kabisa," alisema Sungura kwa huzuni. "Hiyo kwikwi ni ya kusemwa. Kuna watu wanakusengenya."

Simba aliamini mara moja, maana mwenye kiburi huona kila mtu anamzungumzia yeye. Na wengine nao wakaamini. Nungunungu aliacha kusalimiana na Nyani. Pundamilia alimshuku mkewe. Swala alimnunia dada yake, akabaki peke yake na mtoto anayelia.

Aliyekosekana kwenye foleni ni Fisi. Yeye hakuwa na subira ya kuchaguliwa chakula. Kichaka kilichokuwa mlangoni pake alikila chote: matunda, majani, matawi na kiota kilichokuwemo.

Mwishowe Simba aliitisha baraza ili awajue wasengenyaji. Wanyama walikaa duara wakiruka mmoja mmoja kama bisi kwenye chungu. Wawili tu walitulia. Mmoja alikuwa Sungura, aliyedai kuwa yeye anapendwa na watu wote. Wa pili alikuwa Fisi, aliyesinzia.

Swala alimtazama Fisi kwa muda mrefu.

"Mzee," alisema, "kwi, mbona Fisi hana kwikwi?"

Kila mmoja alikumbuka maneno yake mwenyewe. Hapakuwa na mnyama ambaye hakumsema Fisi asubuhi ile ile, Simba mwenyewe akiwemo, tena kwa kirefu. Kama kwikwi ingetokana na kusemwa, Fisi angekwisha kupasuka zamani.

Simba alimwamsha, akamuuliza amekula nini.

"Kilichokuwepo," alijibu Fisi.

Aliamriwa afungue kinywa. Wote walirudi nyuma kwa ile harufu, isipokuwa Swala, ambaye kiu ilikuwa imemwondolea kinyaa. Ulimi wa Fisi ulikuwa mweupe kwa manyoya. Swala alichomoa jani lililokwama kwenye jino lake, akalipindua: manyoya. Akapindua jani la tawi ambalo Sungura alimchagulia: upara. Wengine nao wakapindua yao. Upara, upara, upara.

Sungura alieleza haraka kuwa kinywa cha Fisi huotesha manyoya hata kwenye jiwe. Wengi walikaribia kukubali.

"Inawezekana," alisema Simba. "Basi kula tunda la tawi hili la upara, ulilonichagulia mimi."

Sungura alikula tunda, akabana pumzi. Mashavu yakavimba. Masikio yakasimama wima. Macho yakamtoka kama ya chura. Kisha ikaja kwikwi moja iliyomrusha juu ya kichwa cha Nyani, akatua kwa makalio katikati ya baraza.

"Nani anakusema, Sungura?" aliuliza Swala.

"Sisi sote," alijibu Simba. "Na tunamsema mbele yake."

Pango likafunguliwa, matawi yakatolewa. Swala alipewa fungu la kwanza, na kwikwi ilipokwisha akaenda dimbwini na dada yake. Safari hii maji yalishuka yalikotakiwa kushuka, na jioni mtoto alinyonya hadi akalala na ziwa mdomoni.

Sungura aliwekwa kando ya vichaka awapindulie wenzake majani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mvua irudi. Fisi aliomba awe msimamizi wake. Walimkatalia, kwa sababu wakati anaomba alikuwa amekwisha kula matawi yaliyowekwa kuwa mfano.

Njia ya mwongo ni fupi.