Msamaha Mmoja wa Bibi Syabumi

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ile ya wanyama kusema na watu. Hii ni zamani ya juzi tu, presha zinapimwa na simu zinalia mifukoni. Palikuwa na mchinjaji mmoja katika mji wa milimani, kwenye chai na migomba, jina lake Ambakisye. Alikuwa mtu wa miraba minne, wa miaka hamsini na miwili. Nundu yenye mafuta haikumpita, chumvi alijiongezea kabla hata ya kuonja, na sigara moja iliwasha nyingine. Ukimwambia apunguze, anacheka, anakukatia kipande cha ziada ili unyamaze.

Mkewe, Tusajigwe, alikuwa na presha na kliniki hakukosa. Siku Ambakisye naye alipopimwa, akakutwa nayo, akaandikiwa vidonge vya kila siku. Akasema kliniki ni kupoteza siku ya soko. Basi Tusajigwe akafanya wanavyofanya wengi: vyake akavigawa. Kila asubuhi alikata kidonge kwa kisu cha jikoni, nusu yake, nusu ya mumewe. Tena alikikata kwa raha. Alijiona mke.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi inauma na ukungu umefunga njia, Ambakisye aliamka saa kumi na moja ameshika kifua. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Akasema ni tumbo, vile vidonda vyake vya tumbo vimeamka. Akanywa maziwa, hayakusaidia. Akasema ni tumbo, limejaa gesi. Akatafuna tangawizi, haikusaidia. Tusajigwe akamvika sweta.

"Baba Lusajo, twende hospitali."

"Kwa tumbo tu, mama Lusajo?"

Lakini alinyanyuka, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

Sasa sikieni utaratibu wa pale hospitali. Kila anayefika huweka daftari lake mezani, juu ya la aliyemtangulia. Muuguzi akiingia huligeuza rundo, ili wa kwanza awe wa kwanza. Ambakisye alifika saa moja kasoro, wa kwanza kabisa. Daftari lake likakaa chini, na juu yake yakaja mengine sitini na mawili.

Akaingia Sista Bupe. Siku hiyo alikuwa peke yake, mwenzake anauguza mtoto. Akalivuta rundo, akaanza kuita kutoka juu. Hakuligeuza.

Tusajigwe akamwendea. "Sista, sisi ndio wa kwanza."

Sista akamtazama Ambakisye. "Baba, unaumwa nini?"

"Tumbo tu, sista. Waache wenye watoto watangulie."

Watu wote wamejikunyata ndani ya masweta, na huyu jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Sista aliliona. Tusajigwe aliona kwamba sista ameliona. "Basi vumilia kidogo, baba," akasema, akaita jina lililofuata.

Saa nne na nusu Ambakisye akaanguka kutoka kwenye benchi.

Ndipo kila kitu kikakimbia. Daktari akaja, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi. Wakampa aspirini atafune, wakamwekea oksijeni. Daktari akaisoma ile karatasi, akageuka.

"Mama, mshipa wa moyo umeziba. Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri, daktari."

"Dawa za presha anameza?"

"Anameza. Nusu."

"Nusu ya nini?"

Tusajigwe akamweleza. Alieleza vizuri tu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Daktari hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

"Angefika mkononi mwangu saa moja, ningemkimbiza hospitali ya rufaa mapema," alisema. "Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na saa za mwanzo ndizo inazofanya kazi vizuri. Sisemi angepona. Nasema tungejaribu."

Wakampakia kwenye gari la wagonjwa, Tusajigwe kando yake. Njiani Ambakisye akamvuta kanga.

"Mwambie mama yangu kosa ni langu. Nilijua si tumbo. Nilijua tangu kitandani. Niliogopa."

Hawakufika.

Siku ya kuanua matanga, wanawake wamejaa ndani, Tusajigwe akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, Bibi Syabumi, ambaye huyo marehemu alikuwa mwanawe pekee. Akampa maneno ya mwanawe. Kisha akasema, "Mama, yeye anajisingizia. Ni mimi. Dawa ya mtu mzima nilimpa nusu, mwaka mzima, na nilidhani ni mapenzi."

Kabla bibi hajajibu, mwanamke aliyekaa mlangoni, amejitanda kanga mpaka machoni, akasogea mkekani. Alikuwa Sista Bupe.

"Ni mimi, bibi. Rundo sikuligeuza, hilo ni kusahau. Lakini jasho nililiona. Ninalijua jasho lile, nimelisomea. Nikaita jina lililofuata."

Tusajigwe alishangaa kuona hamchukii yule mwanamke. Alimwonea wivu, kwa kuwa kosa lake lilikuwa la asubuhi moja.

Bibi Syabumi akawatazama. "Mmekuja watatu, na mmoja wenu yuko kaburini. Mimi nimezeeka, mwanangu amekwenda. Nikijipapasa moyoni naona msamaha mmoja tu, hakuna wa pili. Nani nimpe?"

Bibi mwenyewe akafungua kinywa amtaje mmoja, kisha akakifunga. Uso ukambadilika mbele yao. Tusajigwe akadhani naye anaanguka, akamshika.

"Baba yake," bibi akasema taratibu. "Baba yake alikufa hivyo hivyo. Alfajiri, ameshika kifua, jasho hilo hilo, na mkono huo huo wa kushoto. Ambakisye alikuwa na miaka tisa, amesimama mlangoni anaona yote. Akaniuliza, mama, baba ameumwa nini? Sikutaka mtoto akue anauogopa moyo wake." Akashika kichwa. "Nikamwambia ni tumbo."

Basi wasikilizaji, mimi nimefika hapo na sina mbele. Yuko mume aliyejua akaficha. Yuko mke aliyegawa kwa mapenzi. Yuko muuguzi aliyeona akapita, na kesho asubuhi rundo linamsubiri mezani. Na yuko mama, msamaha wenyewe uko mkononi mwake, naye sasa anauhitaji. Msamaha ni mmoja. Je, nani alistahili?