Ngiri Aliyekunywa Kahawa Ili Apungue

Paukwa.

"Pakawa."

Pakawa ya nani?

"Ya shangazi, na sisi tusiotaka kulala."

Basi sogeeni. Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakikaa barazani kunywa kahawa, palikuwa na Ngiri. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, meno yake marefu yabaki mlangoni. Simba akija, anakuta meno. Lakini huyu alinenepa. Akarudi kinyumenyume, matako yakakwama.

"Yakakwama," wakasema watoto.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "Simba anazunguka huku. Akija, utabaki nje."

Ngiri akaenda kwa Nguchiro, aliyevaa miwani isiyo na vioo akajiita daktari.

"Kahawa chungu inayeyusha mafuta," alisema Nguchiro. "Utafiti umeonyesha."

"Utafiti wa nani?"

"Wangu."

Ngiri akaenda barazani. Nanyi mnajua, kahawa chungu haishuki bila kashata. Akanywa funda, akang'ata kashata. Akachangamka kweli. Akarudi kinyumenyume, matako...

"Yakakwama."

"Ongeza vikombe," alisema daktari. Akaongeza vikombe, akaongeza kashata. Miguu ikamtetemeka, moyo ukamwenda mbio, usingizi ukahama. Akarudi kinyumenyume, matako...

"Yakakwama. Shangazi, si aache kashata?" aliuliza Mwanaidi.

Wewe umeona. Mkewe naye aliona, akaambiwa anyamaze kwa kuwa hakusoma. Daktari angeonaje, naye amekaa hapo hapo barazani, kashata ya Ngiri imemjaa mdomoni?

"Sasa maliza dele zima la kahawa," alisema.

Ngiri akalimaliza, na sinia la kashata. Mara Simba akanguruma. Baraza ikatawanyika. Ngiri akafika shimoni, akarudi kinyumenyume, matako...

"Yakakwama."

Mkewe akavuta mkia kutoka ndani. Watoto wakamvuta mama yao. Ngiri akaingia huku ngozi inachubuka, akaziba mlango kama kizibo cha chupa, meno nje. Nguchiro akatokea anahema.

"Sogea ndani, niingie."

"Siwezi kusogea, daktari," akasema Ngiri. "Bado nangoja kahawa iyeyushe mafuta."

Simba akamchukua daktari, na miwani yake.

Kahawa ni kahawa, wanangu. Kidogo itamchangamsha mtu mzima, nyingi itamtetemesha, na haijapata kumtoa mtu kashata tumboni. Na anayewapa dawa, mwulizeni alisomea wapi.

Hadithi yangu inakomea hapo. Asiyeamini akamwulize Simba.