Nguchiro na Safu ya Vijiwe

Paukwa!
Pakawa!
Mtoto ana nini mkononi?
Ana kijiwe!
Basi sogeeni.

Hapo kale, ukungu ulipokuwa ukilala bondeni hadi jua la saa nne, aliishi mama aitwaye Siwema na bintiye, Kidawa. Kidawa hakusema. Hakumtazama mtu machoni. Kutwa alipanga vijiwe uani: kijiwe, kijiwe, kijiwe, safu imenyooka kama uzi. Siwema alimpenda hivyo hivyo alivyo. Lakini moyoni aliwaza, "Siku nikiondoka duniani, mwanangu atacheza na nani?"

Akawaita watoto wa jirani. Siku ya kwanza walikuja wakiimba, wakamvuta mkono. Kidawa akaziba masikio, akalia. Siku ya pili walikuja na mpira wa matambara. Kidawa akawapa mgongo. Siku ya tatu walikuja na vitumbua. Kidawa akavipokea... akavipanga safu!

"Mama Kidawa, mwanao hajui kucheza!" akacheka Mwatime, aliyewazidi wote kwa mdomo. Wakaenda zao. Siwema akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Juu ya ua alikuwepo Nguchiro, mwizi wa mayai.

"Hajui kucheza nani, mama? Anacheza tangu asubuhi. Ninyi ndio hamjaingia mchezoni."

Akashuka polepole. Hakuita. Hakuvuta. Alikaa kando, akaweka kijiwe mwishoni mwa safu. Kidawa akaweka chake. Nguchiro akaweka, Kidawa akaweka. Kisha yule mjanja, si mnamjua, akaweka chake upande! Kidawa akakinyoosha. Akaweka upande tena. Akakinyoosha tena. Mara ya tatu Nguchiro akakificha kiganjani. Kidawa akatulia. Akaushika mkono wa Nguchiro, akaukunjua, kidole kimoja kimoja. Akacheka! Jamani, kicheko chembamba, kama maji yakimiminwa mtungini.

Kesho yake Siwema akamwita Mwatime peke yake. "Usimwite, mwanangu. Chukua kijiwe, ungoje zamu yako."

Mwatime akangoja, mdomo kimya. Keshokutwa yake wakawa wawili, kisha watatu. Haba na haba, si ndivyo kibaba hujaa? Safu ikatoka uani, ikaingia ukunguni, ikazunguka nyumba zote za kijiji. Asubuhi moja ikarudi, ikafika jikoni, miguuni pa Siwema.

Kidawa hakumtazama. Alimwekea mama yake kijiwe kiganjani.

Akangoja.

Nami hadithi nimeiweka chini. Zamu yenu.