Mtoto Aliyejibu Kwamba Hajambo

Ndugu zangu, leo niwape habari ya mama mmoja muuza vitumbua. Mimi sina shule kubwa, kwa hiyo nitaisema kama ilivyonijia nilipokuwa nawaombea watoto wetu.

Mama huyu alikuwa na binti wa darasa la pili. Alijinyima mengi, akampeleka shule ya Kiingereza. Sasa, shule ile ilikuwa na kibao chenye kamba. Mtoto akinaswa anasema Kiswahili, anavalishwa shingoni, na havuliwi mpaka naye amnase mwenzake. Atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Basi watoto wakabuni ujanja wa kufinyana kwa nyuma, maana anayefinywa ghafla hulia kwa lugha ya mama yake. Hebu fikirini, mtoto wa darasa la pili anajifunza kufinywa bila kulia.

Binti yule alikivaa mara nyingi. Akaanza kukojoa kitandani. Mwisho akaona dawa ni kunyamaza tu.

Mama yake akadhani ndiyo elimu inaingia. Akamwambia, "Hata hapa nyumbani ni Kiingereza tu. Kiswahili kitakuharibia." Naye mwenyewe Kiingereza hajui, ila salamu.

Jirani akamtania: "Shoga, mwanao siku hizi mzungu. Shikamoo yake hata sauti nimeisahau."

"Mwache mwanangu," mama akacheka. "Wa kwako kelele tu, wangu anasoma."

Siku moja tumbo likamshika mtoto darasani. Akanyoosha kidole. Mwalimu akamwambia, "Sema, lakini kwa Kiingereza." Mtoto alijua rangi, alijua matunda na wanyama. Tumbo walikuwa hawajalifikia. Akakaa.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa anageuza vitumbua jikoni. "Hau a yu?" akamwuliza kwa furaha. Na jibu alilofundishwa mtoto lilikuwa moja. Akasema, "Am faini." Mama akatabasamu, akampa kitumbua cha moto. Mtoto akakishika tu mkononi. Kesho yake akaulizwa tena, akajibu vilevile. Kulipokucha tena, akaanguka mlangoni na begi mgongoni.

Hospitali, daktari akaligusa tumbo, akakunja uso. "Mama, haya hayajaanza leo. Mtoto hakulalamika?"

"Hapana, dokta. Kila siku namwuliza, ananijibu mzima."

Daktari akainama. "Mwanangu, panauma wapi?"

Kwa Kiswahili kabisa. Mtoto akamtazama daktari, akamtazama mama yake, akabana midomo.

"Sema tu, mama," yule mzazi akambembeleza. "Sema kwa Kiswahili, nimekuruhusu mimi."

Hakusema.

Najua mnangoja niwaambie kwamba Mungu alimfungua kinywa, akapona. Na mimi nilitamani iishe hivyo. Kinywa kilifunguka kweli, homa ilipopanda. Akasema, "Sijasema, mwalimu. Sijasema chochote." Wakamkimbiza kupasuliwa, na hakutoka akiwa hai. Maneno hayo ndiyo ya mwisho mama yake kuyasikia.

Sasa niulize, nani alimuua mtoto huyu? Msikimbilie kumtaja mwalimu. Mwalimu alitumwa na sisi. Ni sisi tunaotaka mtoto wa kuonyesha wageni sebuleni, aseme neno moja la kigeni tupigiwe makofi. Kiingereza si dhambi, na wajifunze. Lakini tumewafundisha jibu la kuwa wazima, jibu la kuumwa tumewanyima. Tena si watoto tu. Hapa kanisani tunaulizana hali, na wote tunajibu kwamba hatujambo, halafu tunarudi na vidonda vyetu nyumbani. Na mimi nimo, sijitoi.

Mungu hajamwambia mtu yeyote alie kwa sentensi nzima. Ukiguna, anajua. Sisi tuliopewa watoto wake tuwatunze, ndio tunaongoja waseme vizuri kwanza.

Nendeni nyumbani. Mwulize mwanao anaumwa wapi, kwa lugha uliyombembelezea alipokuwa mchanga. Akikutazama tu, akanyamaza, usimsifu kwamba ana adabu. Piga magoti hapo hapo mbele yake, umwombe msamaha. Sina hakika kama atakujibu.