Mashine ya Kete ya Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, umeme haujajulikana, kompyuta ya kwanza ilikuwa ya kete za bao na mifereji ya mianzi. Aliiunda Bi Mashavu, mjane asiye na mtoto. Ukitaka kujua nyumba yako itakula makuti mangapi, unatia kete juu, ko-ko-ko, jibu linadondoka kikapuni. Kwa nini aliiunda? Upweke, jamani! Alisema, "Wakiwa na haja na mimi, watakuja."

Wakaja. Foleni mpaka kisimani! Lakini wanatia kete, wanachukua jibu, hao. Bi Mashavu yuko pembeni na birika lake, hakuna hata wa kumtazama.

Akaifanya iende polepole. Watu wakatia kete, wakaenda zao sokoni, wakarudi kuchukua jibu.

Akaifunga kamba, akaishika mwenyewe kwa nyuma: haachii mpaka asikie salamu. Weee! Si wakaisalimu mashine! "Shikamoo, mashine. Umeamkaje? Watoto hawajambo?" Mmoja akaiwekea kahawa. Kahawa, mashine!

Siku hiyo Bi Mashavu alilia. Kisha akatoa kete moja ndani ya mashine, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Kijana Pandu akapewa hesabu, akaezeka nyumba. Makuti yakapungua, mvua ikamnyeshea kitandani. Akaja anafoka.

"Bi Mashavu! Mashine yako imenilaza majini!"

"Pole, mwanangu. Keti tuhesabu."

Akaketi. Wakahesabu kwa vidole, wakabishana, wakala muhogo, wakabishana tena, mpaka alasiri. Bi Mashavu alicheka akashika mbavu.

Mwishowe Pandu akachungulia ndani ya mashine, akaona. "Mfereji wa tatu, kete imepungua moja."

"Ninayo mimi." Akafungua pindo.

"Kha! Umeniharibia nyumba makusudi? Kwa nini, mama?"

"Ungekuja?"

Pandu alimwonea huruma, msiseme hakumwonea. Akairudisha kete mahali pake. Ko-ko-ko, jibu likatoka sawasawa. Akafurahi huyo! Akaipigapiga mashine mgongoni, "Ahsante sana, ahsante," akaenda zake kuezeka.

Hadithi yangu imefika hapo, nami nimefika nayo. Mnaondoka? Haya, nendeni salama. Asiye na haraka, na akae kidogo.