Kiboko na Kibarua Asiyelala

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa pampu ya kisima.
Ya nani?
Ya wanyama wote.
Na nani anailalia?
Kiboko, maana ndiye mwenye tumbo.

Hapo kale, ambapo si kale sana, jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga. Wanyama walibakiwa na kisima kimoja, na pampu iliyovuta maji kwa betri iliyoshibishwa na jua taratibu. Kiboko akaja, puu, akakaa juu ya bomba. Akatoa sheria: atakayeiua betri kwa kuimaliza umeme, haigusi pampu tena mpaka mvua inyeshe. Alijua watakaoiua ni wadogo, maana wadogo hawana akili. Kila siku alijaza kwanza bwawa lake la kuogea, kisha mabaki akawaachia wengine kwenye hori. Mara nyingi mabaki hayakuwapo.

Bi Pimbi aliishi kwenye mawe na wanawe mapacha. Alikuwa na haya. Akisemeshwa alitazama vidole vyake vya miguu. Lakini alijua kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno. Siku mapacha walipoacha kulia kwa sababu koo zimekauka, alishika njia ya kisimani.

Kiboko alimpokea kwa kicheko, akamuuliza, yeye asiye na mkia, kama mkia wake ameuacha nyumbani. Kisha akamweleza shida yake. Amechoka kukaa juani akiwasha na kuzima pampu. Anataka kompyuta imfanyie kazi hiyo, yeye alale.

Bi Pimbi akajibu kwamba programu anazo mbili.

"Ya kwanza hailali, Mzee. Inaliuliza bwawa, limejaa? Bado. Limejaa? Bado. Haipepesi jicho."

"Na ya pili?"

"Ya pili naona aibu kuitaja. Inawasha pampu, inalala. Maji yakipanda, kidumu kinaelea na kuvuta kamba. Hapo ndipo inaamka, inazima pampu, inalala tena."

Kiboko alicheka mpaka mashavu yakatikisika. "Umezaa mvivu, Bi Pimbi. Kaa naye mwenyewe."

"Nitakaa naye, Mzee," akasema, akitazama vidole.

Basi akawekwa asiyelala. Limejaa? Bado. Limejaa? Bado. Limejaa? Bado. Kompyuta ikapata joto, feni yake ikalia vuuu. Kiboko akaipapasa, akafurahi kuona kibarua anatoka jasho. Akataka picha yake icheze ngoma kwenye kioo cha kompyuta mchana kutwa. Bi Pimbi akaongeza. Akataka kila baada ya "bado" isikike sauti ikisema "Heko, Kiboko". Bi Pimbi akaongeza. Akataka bwawa liulizwe upesi zaidi, maana anayeulizwa upesi hujaa upesi. Bi Pimbi alijua kwamba maji hayaongezi mwendo kwa kuulizwa. Lakini nani amfundishe mzee? Akaongeza.

Kiboko akajilaza bwawani. Limejaa? Bado. Heko, Kiboko. Limejaa? Bado. Heko, Kiboko. Vuuu. Maji yakafika magotini. Yakagusa tumbo. Limejaa? Ba...

Tiii.

Kimya. Betri imekufa. Picha ya Kiboko ilizimika ikiwa na mguu mmoja juu. Ardhi yenye kiu ikayanywa yale maji machache, tope likabaki.

Kanga, aliyekuwa kwenye foleni ya hori, akauliza taratibu, "Mzee, ile sheria uliitoa wewe au tuliitoa sisi?"

Kiboko akataka kuinuka amkanyage. Tope likamshika. Akavuta huku, likamshika. Akavuta kule, likamshika. Akaanza kulalamika kwamba kibarua alikuwa na bidii, kila mtu ameona.

"Tumeona," akasema Bi Pimbi. "Tope hulainika kwa maji, Mzee. Maji hutoka kwa pampu. Na pampu sasa ina sheria."

Kiboko akaiachia pampu, akilia.

Jua liliposhibisha betri tena, Bi Pimbi akamweka yule mvivu. Pampu ikawaka, programu ikalala. Hori likajaa, kidumu kikaelea, kamba ikavutwa, tik, pampu ikazimwa, programu ikalala tena. Mapacha wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Umeme ukabaki, wakamwagia Kiboko maji mpaka akachomoka, pwaa.

Alipokuwa akiondoka, akaiona kompyuta ipo kimya, baridi, kioo cheusi.

"Bi Pimbi, kibarua wako amelala."

"Amelala, Mzee. Tafadhali usimwamshe."

Kiboko akaenda zake akitikisa kichwa, akimwambia kila aliyekutana naye kwamba nyumba ile haitafika mbali.

Basi funzo letu, watoto, ndilo hili: fanyeni kazi bila kupumzika, ulizeni tena kabla hamjajibiwa, tokeni jasho hata pasipo na kazi. Mvivu hapati kitu. Isipokuwa kisima, na pampu, na usingizi.

Ngano imejaa hori. Kamba imevutwa, nami nazima.